Shule Iliyoanzia Barazani
Safari ya kutoka Kindu mpaka Makerere

Leo sitawaandikia mahubiri. Ninataka kuwaeleza safari niliyofanya mwaka 2019, na sababu gani safari ile ilinirudisha nyumbani na deni la kulipa.

Deni lenyewe nililikopa zamani. Ilikuwa mwaka 2008. Nilikuwa kijana wa miaka 30, nimetoka shule ya Biblia, moyo wangu unawaka moto. Tulifanya mkutano wa uamsho kwa siku tano, na siku ya mwisho niliwaambia watu walete vitu vyote vya zamani vya kuchonga tuvichome. Watu walileta hirizi, walileta mapembe, walileta dawa zilizofungwa katika nguo. Katika mstari ule akaja mtoto mmoja wa miaka 15 hivi, amebeba kitunga. Ndani ya kitunga mlikuwa na kanga wa mti, mamba wa mti, piroge yenye watu wanne ndani, na kichwa cha mwanamke. Vile alikuwa amevichonga yeye mwenyewe, na havikuwa na dawa hata moja. Alikuwa anachonga jioni, akitoka kumsaidia baba yake kuchimba kasiterite.

Aliniuliza kwa sauti ndogo, «Pasta, na hivi pia?» Mimi sikutazama vizuri. Nilisema, «Vyote.» Akavitupa motoni.

Nilisahau jambo lile kabisa, mpaka siku niliposimama katika bustani moja ya Kampala.

NJIANI

Kanisa lilinituma kwenda Kampala kwa semina ya juma mbili. Nilipanda ndege hapa Kindu mpaka Goma, kwa sababu msitu ulio kati yetu na Goma kila mtu anaujua. Kutoka Goma tulishika gari la kupita Rutshuru mpaka mpaka wa Bunagana. Wakati ule njia ilikuwa bado inapitika, ingawa kila mtu garini alikuwa anaomba kimoyomoyo. (Tangu mwaka 2022 Bunagana imekuwa mikononi mwa watu wenye silaha, na Goma yenyewe ilianguka mwaka 2025. Msomaji asije akasema Pasta amenionyesha njia.)

Upande wa Uganda tulipita Kisoro, halafu Kabale penye baridi na mashamba yaliyopangwa milimani kama ngazi, halafu Mbarara na ng'ombe wake wenye pembe ndefu, halafu Masaka. Pale Kayabwe barabara inakata mstari wa Ikweta, na wageni wanasimama kupigwa picha. Tulifika Kampala usiku, miguu imevimba, vumbi mpaka katika masikio.

Siku moja semina ilipumzika. Ndugu mmoja aliniuliza kama ninataka kwenda sokoni ao kwenda kuona chuo kikuu cha Makerere. Mimi nilitaka kuona Makerere, kwa sababu tangu utoto tulisikia jina lile kwa wafanya biashara. Nilifikiri nitaona madaktari na wanasheria. Sikujua kama kule kuna shule ya kuchonga na kuchora, tena ndani ya chuo kikuu.

MAMA MMOJA NA BARAZA LAKE

Makerere ilianza mwaka 1922, nayo haikuanza na mambo makubwa. Ilikuwa shule ya ufundi ya wavulana 14, waliofundishwa useremala, kujenga na mambo ya mashine. Kwa hiyo kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa mlango wa kwanza wa chuo kile. Vijana wetu wanaodharau rabo na nyundo wakumbuke hilo.

Shule ya sanaa ililetwa na mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell. Alizaliwa mwaka 1904, akasoma kazi ya sanaa London, akafika Kenya mwaka 1929 pamoja na mume wake, daktari Hugh Trowell. Mwaka 1935 walihamia Uganda, na daktari akatumika katika hospitali ya Mulago. Akina mama watamjua daktari yule kwa njia nyingine: alikuwa mmoja wa wale waliochunguza kwa bidii ugonjwa wa kwashiorkor, ule unaovimbisha miguu ya watoto wetu na kugeuza nywele zao rangi. Baadaye, aliporudi kwao Uingereza, akawa pasta wa Anglikana.

Mama Trowell hakukaa kumngojea mume wake kwa kushona tu. Mwaka 1937 alianza kuwafundisha watu kuchora na kuchonga pale nyumbani kwake Mulago, barazani. Hakuwa na jengo wala bajeti. Wale waliokuja walikaa chini, wakapewa karatasi na rangi. Mwaka uliofuata, 1938, kazi zao zilionyeshwa kwa watu wa Kampala, na mwaka 1939 zikapelekwa London. Makerere walipoona hivyo walimpa nafasi chuoni, na kidogo kidogo masomo ya barazani yakawa masomo ya chuo.

Namna yake ya kufundisha ilinishangaza. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazifuatishe. Aliwasimulia jambo: soko siku ya mvua, mavuno, ao habari ya Biblia kama vile Yosefu na ndugu zake. Wanafunzi walisikiliza, wakaona ile habari ndani ya mawazo yao, halafu kila mmoja akachora alichokiona. Ndiyo maana watu katika picha zao walikuwa na migomba nyuma yao, na vilima vya kwao, na akina mama waliobeba vitunga.

Pia alitembea vijijini akatazama vikapu, vyungu, ngoma, na nguo za magome zinazopigwa kutoka mti wanaouita mutuba. Pamoja na mwenziwe Wachsmann aliandika kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda, kilichotoka mwaka 1953. Alitumika vilevile katika jumba la makumbusho la Uganda. Wengine wamemlaumu kama alitaka Mwafrika abaki kijijini daima, asijifunze ya dunia. Lawama hiyo ina sehemu yake. Lakini ninyi wazazi, fikirini: ni wangapi siku zile walitazama kikapu cha mwanamke wa kijiji na kusema, hii ni elimu?

Mwaka 1958 aliacha kazi, akarudi kwao. Alikufa mwaka 1985. Shule inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

WATOTO WA SHULE ILE

Mti unajulikana kwa matunda. Acheni niwataje wachache.

Wa kwanza ni Gregory Maloba, kijana wa Mumias, Kenya, aliyezaliwa mwaka 1922. Alikuwa mwanafunzi, halafu mwalimu pale pale. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, yeye ndiye aliyefanya sanamu kubwa ya uhuru inayosimama mpaka leo katikati ya Kampala. Nilikwenda kuiona. Ni mtu mrefu aliyefungwa-fungwa kama kwa kamba, anamwinua mtoto juu, na mtoto amenyoosha mikono mbinguni. Nilikaa pale nusu saa. Picha yake imo hata kwenye noti za Uganda, kwa hiyo mwuza nyanya anaishika kila siku bila kuulizwa kama anajua sanaa.

Wa pili ni Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, chini ya mlima Kilimanjaro. Alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakijenga. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika jumba kubwa la sanaa la New York. (Juu ya pombe sisemi neno, ninasema juu ya picha.) Tanganyika ilipopata uhuru, mchoraji huyu alitumwa kuwa balozi wa nchi yake London. Baba anayesema kama kuchora ni kazi ya watu waliokosa akili, amjibu balozi huyo.

Wa tatu ni Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932. Huyu ndiye aliyenigusa zaidi. Huko Murang'a, Kenya, Waanglikana walijenga kanisa la kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa katika vita ya Mau Mau. Kijana Njau alipewa ukuta achore maisha ya Bwana Yesu, na akaimaliza kazi mwaka 1959. Alichora picha tano kubwa, tangu kuzaliwa mpaka msalaba. Yesu ni Mwafrika, na nchi inayoonekana ni vilima na miti ya Wakikuyu wenyewe. Yule mjane aliyempoteza mume wake katika vita ile aliingia kanisani akamwona Mwokozi anateseka katika kijiji anachokijua. Mwaka 1965 Njau alifungua nyumba ya sanaa Nairobi, iitwayo Paa ya Paa.

Wa nne ni mama Theresa Musoke, aliyesoma pale miaka ya 1960, wakati wanawake walikuwa bado wachache. Alichora picha kubwa ya ukutani juu ya kuzaliwa na uhai mpya katika Mary Stuart Hall, jengo wanamolala wanafunzi wa kike. Mabinti wetu wasikie.

NYAKATI NZURI NA NYAKATI MBAYA

Baada ya Mama Trowell alikuja mkubwa mwingine, Cecil Todd. Yeye alifuata njia tofauti. Alisema mwanafunzi ajue vizuri namna rangi zinavyochanganywa, namna mwili wa mtu ulivyoungwa, na habari za sanaa za dunia nzima. Wengine walilia kama anaharibu kazi ya mama. Wengine walifurahi kama sasa wanasoma kama watu wa vyuo vingine. Kutoka 1963 mpaka 1970 Makerere ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, basi vijana wa nchi zote tatu walikutana pale. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walijenga nyumba ya kuonyeshea kazi zao, na ipo mpaka sasa.

Halafu mwaka 1971 Idi Amin alitwaa nchi. Sisi wa Maniema hatuhitaji kuelezwa sana wakati wa namna ile: duka tupu, hofu, watu kutoweka. Walimu wengi waliondoka. Mama Musoke alikwenda kuishi Kenya kwa miaka mingi. Rangi za dukani zilikosa. Lakini shule haikufungwa. Baada ya Amin kukimbia mwaka 1979, vita havikwisha mara moja.

Katika miaka ile ya 1980, mwalimu mmoja wa shule, Francis Nnaggenda, alichonga sanamu kubwa ya mti, yenye jina la mtu aliyeumizwa na vita. Inasimama katika maktaba kubwa ya Makerere. Ni mwili wa mtu uliokatwa-katwa, lakini umesimama wima. Wanafunzi wanapita na vitabu vyao, wengine hata hawaitazami tena, kama vile sisi tumezoea kuta zetu zenye matundu ya risasi. Mimi nilisimama mbele yake nikamkumbuka mtu wa kwetu aliyerudi kutoka msituni baada ya vita, mkono mmoja, akaanza tena kulima shamba lake la mpunga. Sikuwahi kuhubiri juu ya mtu yule. Nnaggenda hakumjua, na alikuwa amemchonga.

SHULE LEO

Shule sasa imewekwa katika kundi moja na uhandisi, tangu Makerere ilipopanga vyuo vyake upya, karibu mwaka 2011. Wana idara tatu: moja ya sanaa yenyewe, yaani kuchora na kuchonga, moja ya ufundi wa viwanda, kama vyungu na nguo, na ya tatu ya kazi za matangazo, vitabu na kompyuta.

Aliyenitembeza alikuwa kijana wa Kenya, mwanafunzi. Kiingereza changu ni kidogo na Kifaransa yeye hakijui, basi Kiswahili kilitusaidia, ingawa alicheka nilipomwambia «kinga» nikitaka kusema baisikeli. Alinionyesha tanuru ya kuchomea vyungu, mitambo ya kufuma, na nyuma ya majengo sanamu zilizokaa nje katika majani: za saruji, za vyuma vya magari vilivyounganishwa, za miti. Nyingine zilikuwa nzuri. Nyingine sikuelewa, na nilimwambia hivyo. Akasema, «Hata mimi, Pasta, kuna zingine sielewi.»

Nilimwuliza swali ambalo kila mzazi wa Kindu angeuliza: «Na chakula, mwanangu? Hii kazi itakulisha?»

Hakunidanganya. Aliniambia kama wengine wanamaliza na hawapati kazi, wanarudi kuuza simu. Lakini yeye tangu mwaka wa pili alikuwa anatengeneza alama za chupa za maji na mifuko ya kahawa, anachora vibao, anapanga kadi za arusi. Kwa pesa ile alimlipia mdogo wake masomo. Rafiki yake wa kike anatengeneza mikoba kwa nguo ya magome, ile ile ya mutuba, na wageni wanainunua. Kazi ile ya nguo za magome Shirika la UNESCO liliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima. Wazee wetu wa msituni nao walijua kupiga magome. Nani amejifunza kwao?

Kisha yule kijana akaniuliza kwa moyo safi, «Na kwenu Congo, Pasta? Si ndio wenye zile sanamu za Walega? Mwalimu alituonyesha kwenye vitabu. Wewe umeziona nyingi, sivyo?»

Mimi nimezaliwa Maniema. Nimehubiri Pangi na Kalima, katika nchi ya Warega wenyewe. Nikatafuta jibu, nikaona mbele yangu kitunga na moto.

VITU VYETU VILIKWENDA WAPI?

Wapenzi wasomaji, nisieleweke vibaya. Siwaiti watu warudi katika bwami. Lakini si vizuri kusema uongo juu ya wazee wetu. Warega walichonga vitu vidogo vidogo vya pembe na vya mti, sura na watu na wanyama, na kila kimoja kilikwenda na methali yake: usiwe mchoyo, mheshimu mkubwa, usiwe na haraka ya ugomvi. Mbelgiji Daniel Biebuyck aliyekaa kati yao aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo, mwaka 1973. Serikali ya Wabelgiji ilikataza bwami mwaka 1948. Kazi nyingi za wazee zikaenda Ulaya, nyingine zikaonyeshwa katika jumba la Tervuren karibu na Bruxelles, ambapo watu wanalipa kiingilio kuziona. Nyingine tulizichoma sisi wenyewe. Mtoto wa Kalima akitaka kuona kazi ya babu yake sasa, aombe visa.

Tena kwetu Congo hatukukosa shule. Mwaka 1943 bruda mmoja Mkatoliki, Marc-Stanislas, alianzisha shule ya sanaa huko Gombe-Matadi, katika Bas-Congo. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, na ndiyo Akademia ya Sanaa ya Kinshasa ya leo. Lubumbashi, iliyokuwa Elisabethville, mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikusanya vijana katika nyumba yake. Humo walitoka Pilipili Mulongoy aliyechora samaki na ndege, Mwenze Kibwanga, na Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole. Mwaka 1951 Laurent Moonens alifungua akademia palepale. Na angalieni: Lubumbashi ni mji wa migodi kama kwetu, lakini kati ya moshi wa shaba watu waliona ni lazima kuwe na mahali pa kuchora.

Swali la picha ni gumu kwa sisi Waprotestanti, ninajua. Amri ya Kutoka 20 ipo, wala siifuti. Lakini katika kitabu kile kile, sura ya 31, Mungu anamtaja fundi kwa jina, Bezaleli wa kabila la Yuda, na mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani, anawapa Roho na akili kwa kazi ya dhahabu, ya shaba, ya kuchonga mti. Niliisoma sura ile mara nyingi katika shule ya Biblia. Nilikuwa naipita haraka ili nifike sura ya 32, kwenye ndama wa dhahabu, kwa sababu ile inahubirika vizuri.

NILIVYOMTAFUTA

Nilirudi Kindu. Nilimtafuta kijana yule. Wakaniambia yupo Kailo, kwenye shimo. Nilipanda nyuma ya moto nikaenda. Nilimkuta ana miaka 26, mke na watoto wawili, mgongo umeanza kuinama. Nilimwambia mbele ya mke wake kama mwaka 2008 nilimkosea, na ninaomba anisamehe.

Alinyamaza sana. Kisha akasema, «Pasta, kile kisu nilishauzisha zamani.»

Sikuwa na neno. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyepigwa. Mke wangu ndiye aliyesema, «Sasa unalia nini? Si umununulie kisu ingine?» Tukanunua visu viwili na patasi moja pale soko ya Kasuku, tukamtumia kwa mtu wa velo.

Alikaa miezi mingi bila kujibu. Mwaka 2020, wakati makanisa yalipofungwa kwa sababu ya Korona na negosi ya kasiterite ikalala, alikuja Kindu na familia yake. Akaniuliza kama kanisa lina kazi. Mimbari yetu ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikamwambia, «Fanya mpya, uifanye unavyoona wewe.»

Alichukua miezi minne, barazani kwangu. Upande wa kushoto aliweka watu wa piroge wanavuka Lualaba kutoka Alunguli. Upande wa kuume, mama na kitunga cha mihogo. Mbele kabisa, mtu ameinama na sururu yake ndani ya shimo, na juu ya shimo mwanga unaingia. Watoto wa jirani walikuwa wanakaa kumtazama, akawapa vipande vya mti wajaribu. Siku tuliyoiingiza kanisani ndiyo siku niliyosikia redioni kama jumba kuu la Makerere limeungua, mwezi wa Septemba. Nilihuzunika kama mtu wa kwao. (Limejengwa tena tangu wakati ule, Mungu asifiwe.)

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu kuliko baba, alisimama akasema, «Pasta, wewe ulituchomesha vya wazee wetu, leo unatuletea vyako.» Maneno yale yalinichoma kwa sababu yana ukweli. Nilimjibu kama hakuna mtu anayeisujudia mimbari, na kama nilikosea siku ile ya moto, nilikosea. Hakukubali. Mpaka leo anakaa upande wa nyuma, na Jumapili anatazama dirisha ninapohubiri. Ninaendelea kumtembelea.

Kijana hajatajirika. Wakati mwingine anarudi Kailo, pesa ikikosa. Lakini amechonga milango miwili ya watu, kitanda cha arusi, na vibao vya duka. Siku ya posho, watoto saba wa mtaa wanakuja barazani, wanachora na makaa juu ya karatasi za mfuko wa saruji, wanafinyanga udongo wa kandokando ya mto. Hatuna jengo wala bajeti. Mtoto mmoja wa miaka 9, binti, juzi alimfinyanga yule mzee wangu wa nyuma ya kanisa, na kofia yake na fimbo, vizuri kabisa kiasi cha kucheka. Nilimwuliza kama nimpelekee mzee mwenyewe. Akasema nimpelekee, lakini nisimwambie nani amefanya.

Nimekiweka dirishani kikauke. Kesho nitakwenda naye.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, katika nyumba yetu kuna mtoto ambaye mikono yake inajua kitu tusichokitazama?
2. Ni ufundi gani wa wazee wetu (kusuka, kufinyanga, kupiga magome, kuchonga) ambao bado kuna mtu mmoja anayeujua hapa kwetu? Nani atakwenda kumwuliza?
3. Someni Kutoka 31 na Kutoka 32 kwa pamoja. Tofauti kati ya kazi ya Bezaleli na ile ya ndama ni nini?
4. Ikiwa mwana wetu anataka kusoma sanaa Lubumbashi ao Kinshasa, tutamjibu nini, na kwa nini?